Yaya (dada yetu mkubwa) amemaliza matibabu ya kansa ya titi, lakini moyo haujatulia: mwaka wa kwanza nyumbani uendeshwe namna gani?

MdogoWaKatuba

Jioni njema wote. Naomba msaada wa wenye ujuzi. Yaya wetu ana miaka 41. Alitolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, akapata kemoterapia, akamalizia na miale (radioterapia) kule Cancer Diseases Hospital ya Lusaka. Ana miezi 2 sasa tangu arudi Lubumbashi, na kila siku anameza tamoxifen (kidonge cha kuzuia homoni) miligramu 20.

Tulifanya misa ya shukrani, kila mtu anamwambia "umepona". Yeye usiku analia, korali ameiacha, na mgongo ukimuuma kidogo anasema imerudi. Hali hii ni ya kawaida? Mkono wa kushoto aufanyishe kazi ao auache? Na tutajuaje kama huzuni imeshakuwa ugonjwa?

Muuguzi_Kampemba

Mdogo wangu, poleni sana, na umsalimie yaya. Hali hiyo tunaiona kwa wengi, na ina sababu. Wakati wa matibabu mtu anaishi kwa tarehe: leo damu, kesho kutwa dawa, wiki ijayo kuvuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa. Nguvu zote zinakwenda kwenye kuvumilia. Tarehe zikiisha, hakuna tena anayempima wala kumuuliza kila siku, na yale aliyoyasukuma pembeni yanafika kwa pamoja: hofu, titi lililokwenda, pesa zilizoisha, watoto waliozoea kulelewa na shangazi. Mwili nao bado uko nyuma. Uchovu wa kemoterapia na miale unaweza kukaa miezi mingi, hata kupita mwaka.

Ndiyo maana lile neno "umepona" linamziba mdomo. Analisikia kama amri ya kufurahi. Muulizeni tu, "Leo kipi kimekulemea?" kisha mnyamaze mumsikilize. Msikimbilie kujibu.

Uchovu wenyewe usiitwe "mawazo" kabla ya vipimo. Apimwe hemoglobini (wingi wa damu) na tezi ya shingo (thyroid), na malaria kama kuna homa. Vikiwa sawa, dawa yake kubwa ni kutembea. Aanze na dakika 10 asubuhi na 10 jioni, njia tambarare, aongeze dakika 5 kila wiki mpaka afike dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki. Mwezi wa 10 jua la Lubumbashi ni kali, basi atoke mapema, na ngozi iliyopigwa miale ifunikwe na kitambaa.

Kosa tunaloliona kila mara: siku akiamka na nguvu anafua nguo zote, anasafisha nyumba, kisha siku mbili yuko kitandani na anaamini ugonjwa umerudi. Afue nusu, hata kama anajisikia kuweza zote. Usingizi wa mchana usipite dakika 30, la sivyo usiku macho yatabaki wazi na hofu itapata nafasi.

Jambo lingine watu wanalisahau: karatasi za Lusaka zimeandikwa kwa Kiingereza, na daktari wa hapa anafanya kazi kwa Kifaransa. Zitafsirini sasa, msingoje siku ya dharura. Ndani ya faili pawe na jibu la maabara la uvimbe (pamoja na vipokezi vya homoni na HER2, alama za uvimbe zinazomsaidia daktari kuchagua dawa), majina ya dawa za kemoterapia na jumla ya dozi, sehemu iliyopigwa miale na kiasi chake, na dawa anazomeza leo. Kama alipata doxorubicin, moja ya dawa za kemoterapia, iandikwe kwa herufi kubwa, kwa sababu inaweza kugusa moyo hata miaka mingi baadaye. Juu kabisa wekeni ukurasa mmoja wa muhtasari.

Kurudi kuonekana na daktari: kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya kwanza, kila miezi 6 hadi 12 mwaka wa 4 na wa 5, baadaye mara moja kwa mwaka. Mamografia ya titi lililobaki ni kila mwaka. Skana na vile vipimo vya damu vya "alama za kansa", kama hakuna dalili, havimwongezei maisha. Vinakula pesa za familia na kuamsha hofu upya.

Kine_Lushi

Mimi nijibu la mkono. Mtasikia "mkono huo usiguse kitu tena". Si kweli. Mkono uliolazwa unakakamaa bega, na misuli ikikosa kusukuma, maji ya limfu yanakwama. Lakini haurudi kazini kwa siku moja.

Asimame akitazama ukuta, vidole vya mkono wa kushoto vitambae juu polepole ukutani mpaka ahisi ngozi inavutika, akae hapo sekunde 5, ashuke. Mara 10, asubuhi na jioni. Wekeni alama ya chaki pale alipofika, na kila Jumapili muangalie alama imepanda kiasi gani. Kuvutika ni sawa. Maumivu makali ya kuchoma, aache, aonekane na kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo).

Mizigo: bidoni ya litre 20 ni kilo 20, hiyo wabebe wengine kwa sasa. Aanze na chupa ya nusu litre iliyojaa maji, ainyanyue mara 10. Baada ya wiki 2 bila uvimbe, aongeze uzito kidogo, hivyo hivyo hatua kwa hatua. Kutwanga sombe (majani ya muhogo): dakika 5, abadili mkono, apumzike. Siri ni kuacha kabla mkono haujawa mzito.

Hatari kubwa kuliko kazi ni ngozi kupasuka. Tezi zikitolewa, ulinzi wa mkono ule unapungua, kidonda kidogo kinaingiza vijidudu, na mkono unaweza kuvimba na kubaki hivyo. Kwenye mbabula (jiko la makaa) atumie koleo refu, shambani avae glovu, alale ndani ya chandarua, kucha asikate nyama ya pembeni. Akijikata, maji na sabuni papo hapo. Sindano na kipimo cha presha ni mkono wa kulia inapowezekana.

Kila mwezi mpimeni kwa futi ya fundi cherehani, saa ile ile, mikono yote miwili: kifundo cha mkono, sentimita 10 chini ya kiwiko, sentimita 10 juu yake. Tofauti ya kushoto na kulia ikiongezeka kufika sentimita 2, au pete na mkono wa nguo vikianza kubana, aje mapema. Uvimbe unaoshikwa mwanzoni unatii soksi ya mkono ya kubana. Ulioachwa mwaka mzima unakuwa mgumu. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu yake: hospitali siku hiyo hiyo, anahitaji antibiotiki.

Saikolojia_BelAir

Nimesoma hilo la mgongo, na nadhani hapo ndipo yaya anaumia zaidi. Hofu ya kurudi kwa kansa haiondoki kwa kuambiwa "usiogope". Inahitaji kanuni, ili asilazimike kuamua upya kila usiku. Kanuni ni hii: maumivu mapya, yasiyo na sababu inayojulikana, yakipita wiki 2 au yakizidi kuongezeka, yapelekwe kwa daktari. Kabla ya hapo ayaandike kwenye daftari: tarehe, mahali, ukali kutoka 0 hadi 10, alifanya kazi gani jana. Mara nyingi daftari lenyewe linaonyesha kwamba mgongo unafuata siku ya kufua. Ila jambo moja halingoji: mgongo ukiuma pamoja na miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo, msingoje hata siku moja.

Kwa mawazo yanayozunguka, apange "saa ya hofu": dakika 20 kila siku, tuseme saa 11 jioni, kamwe si kitandani. Hofu ikimjia saa 4 asubuhi, aandike neno moja na kuiambia ingoje. Ikifika saa yake, anachora mstari katikati ya ukurasa: upande mmoja yale anayoweza kufanyia kitu (kuuliza daktari, kununua dawa), upande mwingine yale asiyoweza. Wiki ya kwanza haifanyi kazi vizuri, watu wanakata tamaa hapo. Aipe njia hii wiki 3. Usiku akiamka na moyo unadunda: avute pumzi akihesabu 4, aitoe akihesabu 6, kwa dakika 5. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu, moyo unapunguza mwendo.

Hofu itapanda siku chache kabla ya kila safari ya kipimo, hata baada ya miaka. Ijulikane nyumbani, watu wasimwone kama amerudi nyuma. Siku hizo asisafiri peke yake, na maswali yake yaandikwe, matatu makubwa yawe juu.

Korali: msimwambie arudi Jumapili akiwa mbele ya kanisa nzima. Ajaribu kwanza mazoezi ya katikati ya wiki, akae nyuma dakika 20 bila kuimba, na rafiki mmoja anayejua kwamba yaya akisimama wanatoka wote wawili bila maelezo. Wiki inayofuata dakika 40. Kila mara tunapokimbia kitu, kinakua. Tukikikaribia kidogo kidogo, kinapungua. Na apewe jibu fupi la kumwambia anayeuliza sana: "Matibabu yamekwisha, nguvu zinarudi polepole, asante kwa kuniuliza." Hana deni la kuonyesha kovu kwa mtu.

Sasa lini ni ugonjwa? Maswali mawili. Katika wiki 2 zilizopita, mara ngapi amekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Mara ngapi amejisikia mwenye huzuni au bila tumaini? Kila swali: 0 hakuna kabisa, 1 siku kadhaa, 2 zaidi ya nusu ya siku, 3 karibu kila siku. Jumla ikifika 3 au zaidi, aonane na mtaalamu. Hapa mjini kuna kituo cha Joseph Guislain, na kwenda huko si kuitwa kichaa, naomba familia iseme hivyo kwa sauti. Akianza kusema afadhali nife, asiachwe peke yake, dawa zote zitunzwe na mtu mwingine, na apelekwe siku ile ile.

MamaFundi_Kamalondo

Hamjagusa nguo, na kwa mwanamke nguo ni nusu ya kutoka nje. Upande mmoja ukiwa mtupu, sidiria inapanda, bega linainuka, shingo inauma. Titi la bandia linashoneka nyumbani.

Kata mifuko miwili ya pamba laini yenye umbo la tone, mmoja mdogo kidogo uingie ndani ya mwingine. Mdogo ujaze pamba ya mto, na chini yake weka mtama au mchele mkavu mpaka uzito ulingane na titi la pili. Usikisie: avae, asimame mbele ya kioo, kamba za sidiria zikae sawa na zisichimbe bega. Shona mfuko ndani ya sidiria, la sivyo titi litapanda shingoni akiinama. Nafaka inanyonya jasho, inaota ukungu na wadudu, kwa hiyo ibadilishwe kila mwezi. Mfuko wa nje ufuliwe kila wiki. Kama kovu bado ni bichi au ngozi ya miale inauma, avae wa pamba tupu kwanza. Blauzi za vikwembe (vitenge) nashona na mikunjo kifuani, macho ya watu hayapati pa kukaa.

MdogoWaKatuba

Mungu awabariki, nimechapisha yote. Mawili yamebaki. Kuna mtu wa maombi anasema kumeza kidonge ni kukosa imani. Na shemeji analala chumba kingine, anasema anaogopa kumuumiza.

Muuguzi_Kampemba

Kidonge asikiache, naomba sana. Tamoxifen inazuia homoni ya estrojeni isilishe chembe za kansa zilizojificha, na kazi hiyo inachukua miaka 5, kwa wengine 10. Kujisikia vizuri si sababu ya kuiacha. Maombi yaendelee, na kidonge kiendelee. Akisahau, ameze akikumbuka siku ile ile. Asimeze viwili kesho. Vikibaki vya mwezi mmoja, tayari mtafute boksi lingine, maana duka la dawa linaweza kuishiwa.

Joto la ghafla na jasho la usiku vinaweza kutokana nayo, na vinaharibu usingizi na furaha pia. Nguo nyepesi za tabaka, maji baridi karibu na kitanda, kahawa na pilipili vipungue jioni. Daktari akiandika dawa ya huzuni, mwambieni juu ya tamoxifen kwanza: paroxetine na fluoxetine zinapunguza nguvu yake, na zipo nyingine zisizoigusa sana. Akitokwa damu ukeni isiyo ya kawaida, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, aonekane haraka.

Kuhusu shemeji: mwambieni kansa haiambukizi, na miale aliyopigwa kutoka nje haibaki mwilini. Yaya anaweza kuwa anasoma kile chumba kingine kama kukataliwa, wakati shemeji anadhani anamhurumia. Warudi kitanda kimoja kwanza, bila tendo, mto mdogo chini ya mkono wa kushoto. Ukavu wa ukeni ni wa kawaida. Mafuta ya kulainisha ya maji yanasaidia, na kama wanatumia kondomu wasitumie mafuta ya mgando, yanaipasua. Mimba inawezekana hata hedhi ikiwa imekatika, na tamoxifen inaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo watumie kinga isiyo na homoni: kondomu, au kitanzi cha shaba. Vidonge vya kupanga uzazi na sindano, hapana.

Shemeji aje naye siku ya kuonana na daktari. Kiti cha pili kipo, na maswali yake mwenyewe ayaandike.