Majirani wa Brays Bayou, Houston: kazi ya Jumamosi

*Alhamisi, 31 Agosti 2017*

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jumamosi saa moja asubuhi tunaanza kusafisha nyumba zilizofurika, kwanza kwa bibi wa nyumba ya kona. Maji ya kimbunga Harvey yaliacha alama inchi 20 ukutani. Watu 8 wanatosha, wakizidi watagongana koridoni. Barakoa za N95, glavu nene, buti. Kandambili marufuku, misumari imejaa.

Baba Juma: Ukuta tunakata inchi 24?

Fundi Kasongo: Hapana kaka. Futi 4 na nusu inchi. Jipsamu, zile bodi za ukutani, hunyonya maji kama utambi, unyevu hupanda kupita alama. Bodi mpya ni futi 4 kwa 8, utalala mzima bila viraka, na ile nusu inchi inauinua usiguse sakafu. Msumeno usizame zaidi ya nusu inchi, nyuma kuna nyaya na mabomba.

Fundi Kasongo: Na meni swichi izimwe kwanza! Kama kuifikia ni lazima ukanyage maji, iache, aitwe fundi umeme.

Mama Neema: Kabla hakijatoka hata kijiko, picha. Kila chumba kutoka pembe zote nne, alama ya maji na futikamba pembeni yake, namba za friji na mashine ya kufulia. Kateni kipande cha zulia mkihifadhi, wa bima watataka kuona lilikuwa la aina gani.

Zawadi: Friji likiwa na chakula?

Mama Neema: Msilifungue. Zungushieni selotepu pana, litoke hivyo hivyo. Barabarani lisichanganywe na jipsamu, wala matawi na rangi za kopo. Rundo likae mbali na mita na bomba la zimamoto, lisiwe chini ya nyaya, maana kijiko cha lori la taka hakitalifikia na litabaki hapo wiki nzima.

Zawadi: Dada, ile familia mpya ya wakimbizi wanaogopa kujiandikisha FEMA, lile shirika la serikali ya Marekani la misaada ya maafa.

Mama Neema: Waambie wasiogope. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye grini kadi wote wanastahili. Asiye na karatasi anaweza kuomba kwa jina la mtoto wake aliye raia wanayeishi naye. Kujiandikisha ni bure, anayedai hela ni tapeli. Wakinyimwa wasikate tamaa, mara nyingi ni hati moja imekosekana. Wana siku 60 tangu tarehe ya barua ya kunyimwa kukata rufaa. Waje nayo Jumapili, tutaisoma pamoja.

Baba Juma: Mbao za ndani ya ukuta tuzimwagie jiki?

Fundi Kasongo: Jiki inaua ukungu wa juu tu, maji yake yanazama ndani ya mbao. Sabuni na brashi ngumu, sugua hadi uone rangi ya mbao. Na jiki isikutane kamwe na dawa yenye amonia, ile hewa inaua.

Fundi Kasongo: Kisha feni na mashine ya kukausha hewa, madirisha YAMEFUNGWA. Hewa ya Houston yenyewe ni maji. Jenereta ikae nje, futi 20 kutoka nyumba. Jambo moja nawasihi: kontrakta asifunge ukuta kabla ya kipimo. Mbao huonekana kavu na ndani ni mbichi. Pimeni ile ya chini kabisa, iliyolalia saruji, ndiyo ya mwisho kukauka. Unyevu wake ushuke chini ya 15%, hata ikichukua wiki tatu. Ukiziba kabla ya hapo, ukungu utaota nyuma ya rangi mpya, na bibi ana pumu.

Zawadi: Kipima unyevu kiko kwa nani?

Baba Juma: Kwangu. Nitakileta na betri mpya.