Vita vya China vya zamani: tuviite ubeberu au la?

Mwana Mwaloni
Habari za jioni. Nanunua mabondo ya sangara hapa Mwaloni Kirumba, na sehemu kubwa ya mzigo wetu huishia China. Leo kwenye mizani kumezuka ubishi. Mwenzangu anasema China haijawahi kuwa beberu: haikutawala nchi yoyote Afrika, ilitujengea TAZARA, tena yenyewe ndiyo ilionewa, Waingereza wakaipiga kwa sababu ya afyuni na kuichukua Hong Kong mwaka 1842. Nikamuuliza, na Tibet? Na Vietnam 1979? Akasema hayo ni mambo ya mipaka tu. Wenye kuijua historia nisaidieni, kesho tunaendelea.

Mzee wa Kyaka
Mwanangu, hilo swali ninalo tangu ujana wangu. Tarehe 17 Februari 1979, China ilipoingia Vietnam, mimi nilikuwa kusini mwa Uganda na jeshi letu. Sisi tulivuka mpaka kwa sababu Amin alivamia Kagera akatangaza kuwa ardhi ni yake mpaka mtoni. China ilivuka kwa sababu Vietnam ilikuwa imemng'oa Pol Pot, mtawala wa Kambodia na rafiki wa China, kule Phnom Penh mwezi Januari. Deng Xiaoping, kiongozi wa China, alisema wazi kuwa Vietnam inafaa kutiwa adabu. Iliniuma, na bado inaniuma. Nani aliipa China fimbo ya kuchapia jirani?

Hata hivyo, kufikia katikati ya Machi walikuwa wamerudi kwao. Ule nauita uonevu wa mwenye nguvu. Ubeberu unahitaji zaidi ya kuvuka mpaka. Angalia kinachofuata mapigano yakiisha: nani anabaki, nani anateua wakuu, nani anakusanya kodi, ardhi anapewa nani. Wajerumani walitufanyia hayo hapa Mwanza, na kodi ya kibanda juu.

Sasa pima vita vya Wadzungar, watu wa jamii ya Wamongolia, ambavyo mwenzako hakuvitaja. Kati ya 1755 na 1759 majeshi ya mfalme Qianlong wa Qing, ukoo uliotawala China, yaliivunja dola yao, mbali sana magharibi ya Beijing. Wale watu karibu wafutike kabisa, kwa ndui, kwa kuuawa na kwa kukimbia. Wakaletwa askari na wakulima kukaa kwenye ardhi ile, na mwaka 1884 ikafanywa jimbo, Xinjiang. Kutopanda meli kama Wazungu hakubadilishi kitu. Huo ni ubeberu.

Binti Sengerema
Shikamoo mzee. Lakini Qing walikuwa Wamanchu, nao waliiteka Beijing mwaka 1644. Wachina wenyewe walikuwa wametawaliwa. Ni haki kuwabebesha vita vya mtawala wao?

Mzee wa Kyaka
Marahaba mwanangu. Mkulima wa Kichina wa wakati ule simlaumu, hakuulizwa. Nazungumzia dola. Jeshi la Mao, kiongozi wa China ya kikomunisti, lilipoingia Chamdo, mashariki ya Tibet, Oktoba 1950, na Tibet ikalazimika kutia saini mapatano mwaka 1951, hoja ya Beijing ilikuwa kwamba Tibet ni sehemu ya China tangu enzi za wafalme. Anayedai shamba la marehemu hawezi kuyakana madeni yake. Na kabla ya Wamanchu kulikuwa na ukoo wa kifalme wa Ming, hao Wachina hasa. Waliikalia Vietnam kuanzia 1407, wakaweka watawala wao, mpaka Mvietnam Le Loi alipowafukuza mwaka 1427.

Dereva wa Busisi
Mzee, daraja letu la Kigongo–Busisi wamejenga Wachina. Zamani tulilala foleni ya kivuko na wagonjwa ndani ya gari. Mimi siwezi kuwaita mabeberu.

Mzee wa Kyaka
Wala mimi siwaiti hivyo kwa daraja. TAZARA walitukopesha bila riba wakati wakubwa wa Magharibi walikataa, na nawashukuru kwa moyo wote. Ila aliyeuawa kule kwa Wadzungar hakupanda treni yetu. Tusimlipie mtu fadhila kwa kusahau maiti za wengine.

Mwana Mwaloni
Asante sana mzee. Kesho najua ataleta vita vya China na India vya 1962.

Mzee wa Kyaka
Hapo mpe nusu. Upande wa mashariki China ilishinda, kisha ikatangaza kusimamisha vita yenyewe na kurudi nyuma. Upande wa magharibi ilibaki na Aksai Chin, eneo ambalo India nayo inalidai, ambako ilikuwa imekwisha kupitisha barabara ya kuunganisha Xinjiang na Tibet. Muulize barabara ile inaunganisha nchi zilizopatikanaje.