Njia zisizo na magari kwa baiskeli za umeme: zinatafutwaje hapa Uingereza?

Ujumbe wa kwanza, kutoka Leicester

Wapendwa wanajumuiya, nawasalimu nyote.

Mimi na mume wangu tumenunua baiskeli mbili za umeme, baada ya yeye kushauriwa apunguze kukaa na mimi kuchoka kusikia habari za magoti yake. Hatutafuti mashindano. Tunachotaka ni kutoka Jumamosi asubuhi, kwenda polepole, kunywa chai mahali penye kivuli, na kurudi kabla ya alasiri. Kila tukiiomba simu ituonyeshe njia ya baiskeli, inatupeleka kwenye barabara ambamo malori yanatupita karibu kiasi cha kuyagusa. Juzi tulifuata kibao cha buluu chenye picha ya baiskeli na namba 6, tukaamini tumeokoka, na mwanzo kweli kulikuwa kuzuri. Lakini baadaye tulijikuta kwenye barabara nyembamba ya mashambani isiyo na ukingo, gari likitupigia honi kwa nyuma kana kwamba tumeiba kitu.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: njia ambazo hazina magari kabisa hutafutwaje, na je, baiskeli yenye mota inaruhusiwa kupita humo?

Ujumbe wa pili, kutoka Bristol

Dada yangu wa Leicester, salamu zimefika.

Nianze na swali la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kisheria, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida na hupita popote baiskeli inapopita, mradi nguvu ya mota haizidi wati 250, mota iache kusaidia ufikapo mwendo wa maili 15.5 kwa saa (ndizo kilomita 25), iwe na pedali zinazofanya kazi, na mpandaji awe ametimiza miaka 14. Haidai leseni, bima wala namba. Ile iliyochezewa ili ikimbie zaidi ya hapo, sheria huiita pikipiki hata ikiwa na pedali nne, na haina nafasi katika njia tunazozizungumzia.

Sasa hicho kibao chenye namba. Hicho ni cha mtandao wa kitaifa wa njia za baiskeli, ulioanza kujengwa mwaka 1995 kwa msaada wa fedha za bahati nasibu ya taifa. Namba hukuambia kwamba njia inaendelea. Haikuambii kwamba magari hayapo. Njia moja yenye namba ileile inaweza kupita bustanini, kisha kando ya mto, kisha ikaingia kwenye barabara ya kijiji, na hapo ndipo honi ilipowakuta. Wasimamizi wenyewe, shirika lililoitwa Sustrans wakati huo, walitambua jambo hili, na mwaka 2020 walitangaza kwamba karibu robo ya mtandao ingeondolewa au kupangwa upya kwa sababu haikufikia kiwango cha usalama walichokitaka. Kwa hiyo msiifuate namba peke yake, bali tafuteni kipande, na vipande vizuri kuliko vyote nchini humu vina asili moja, nayo ni reli iliyokufa.

Gari moshi halipendi mlima. Wahandisi waliojenga reli katika karne ya 19 walikata vilima, wakajaza mabonde na kutoboa mahandaki ili treni isipande mwinuko mkali. Ilipofika mwaka 1963, ripoti ya Richard Beeching, mkuu wa shirika la reli la taifa, ikapendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,300 na reli za urefu wa maili 5,000 hivi. Vyuma viling'olewa, tuta likabaki. Tuta hilo likimwagiwa lami au changarawe, mnapata njia iliyonyooka, isiyo na mlima wa kuvunja magoti, yenye kivuli cha miti iliyoota pembeni, na ambayo mara nyingi hupita juu au chini ya barabara badala ya kuikata. Kwa mtu wa magoti, sijaona dawa iliyo bora.

Mimi nilianzia kwenye njia ya Bristol kwenda Bath, yenye maili 13, iliyojengwa kidogo kidogo kati ya 1979 na 1986, kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea wenye makoleo. Ina lami mwanzo hadi mwisho, na karibu na Bitton mnapita sambamba na treni ya mvuke inayoendeshwa na wapenzi wa reli, ambapo mjukuu wangu hulazimisha tusimame kila mara. Ukifika Bath unaweza kuunganisha na njia ya mahandaki mawili iliyofunguliwa mwaka 2013. Handaki kubwa, la Combe Down, lina mita 1,672, na humo ndani kuna baridi hata mwezi wa saba, kwa hiyo sweta ni lazima.

Jinsi ya kutafuta ni hivi. Chukueni ramani ya Ordnance Survey, idara ya ramani ya taifa, ya vipimo vya 1:25,000, ya karatasi au ya simu, mtafute mahali palipoandikwa kwa ufupi kwamba reli imevunjwa, kisha mwangalie kama juu ya mstari huo pamewekwa alama ya njia ya baiskeli. Msiruke hatua hiyo ya pili, maana matuta mengi yaliuzwa kwa wakulima na leo yamejaa ng'ombe na miiba. Baada ya hapo ingieni kwenye tovuti ya CycleStreets, ambayo hukupa chaguo tatu za safari, na mchague ile tulivu kuliko zote badala ya ile ya haraka. Au mtumie cycle.travel, ambayo huzipendelea njia za kando na kukuonyesha miinuko. Ramani ya kawaida ya simu hutengenezwa kwa mtu anayechelewa kazini. Ninyi hamchelewi.

Tahadhari moja ya mwisho: mshale wa manjano mashambani ni wa waenda kwa miguu tu. Mshale wa buluu ni wa farasi na, tangu sheria ya mwaka 1968, wa baiskeli pia, ingawa ni sharti mwapishe waenda kwa miguu na farasi. Hizo za buluu huwa za udongo, na mvua ikinyesha zinageuka jaruba la mpunga.

Ujumbe wa tatu, kutoka Derby

Shikamooni wakubwa zangu.

Mzee wa Bristol amemaliza karibu yote, ila naomba kuongeza mambo ambayo baiskeli ya kawaida inayasamehe na ya umeme haiyasamehi. La kwanza ni uzito. Baiskeli yangu ina kilo 25, na njia nyingi zimefungwa kwa malango na vyuma vya kuzuia pikipiki, vingine vimebana kiasi kwamba usukani mpana haupiti. Mwaka jana nilikwama kwenye chuma cha namna hiyo kwa dakika kumi, nikasaidiwa na bibi aliyekuwa akitembeza mbwa, ambaye alinisaidia kuinua tairi la nyuma huku akinieleza kwamba mimi si wa kwanza. Kabla ya kwenda, tazameni picha za mahali njia inapoanzia na inapokatwa na barabara, kwa sababu huko ndiko vizuizi vinakowekwa. Kumbukeni pia kuchomoa betri kabla ya kuinua; peke yake ni kilo mbili hadi tatu.

La pili, si kila tuta la reli ni tambarare. Hapa kwetu Derbyshire, Monsal Trail (maili 8.5, mahandaki yake yalifunguliwa kwa umma mwaka 2011 na yana taa mchana) na Tissington Trail (maili 13 kutoka Ashbourne hadi Parsley Hay) ni murua. Lakini High Peak Trail ina sehemu, kama pale Middleton, ambapo mabehewa yalivutwa kwa kamba na mtambo wa mvuke wa mwaka 1829, na mteremko wake ni wa takriban 1 kwa 8, yaani mita moja ya kupanda kwa kila mita nane. Kuvuta mabehewa kwa kamba ni jambo lilelile walilolifanya wajenzi wa reli ya Uganda kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kabla njia ya kudumu haijakamilika. Kwa hiyo anzieni juu ya mteremko huo, msianzie chini, na mkilazimika kuushuka, shukeni mkikokota.

La tatu ni hesabu ya betri. Yangu ni volti 36 na saa-ampea 11, ambazo ukizizidisha unapata saa-wati 396, ndicho kiasi cha umeme betri inachobeba. Kwa msaada wa wastani natumia saa-wati 10 hivi kwa kilomita, yaani nina kilomita 40 kwenye karatasi, na siku ya baridi hupungua. Basi mimi hugeuza nikiwa bado na zaidi ya nusu, maana upepo mkinufaika nao mnapokwenda, mtaulipa mnaporudi.

Kwa dada wa Leicester, sishauri muje Derbyshire kwanza. Pandeni treni hadi Market Harborough, mtafute Brampton Valley Way, reli ya zamani inayoelekea Northampton kwa maili 14 hivi. Nayo ni sehemu ya namba 6 ileile iliyowaumiza, ila hapo haina magari. Ni changarawe, na ina mahandaki mawili yasiyo na taa, Oxendon na Kelmarsh, basi chukueni taa za kweli, si zile za kuonekana tu. Mkitaka maji badala ya miti, nendeni Rutland Water, bwawa kubwa lenye njia ya kulizunguka. Mzunguko wote ni maili 23 ukijumuisha rasi ya Hambleton, ambayo ina vilima, na maili 17 mkiiruka. Iruke mara ya kwanza. Kuhusu treni, nafasi za baiskeli ni chache na baadhi ya makampuni hutaka uiwekee nafasi mapema. Walio London wajue kwamba tangu Machi 2025 baiskeli za umeme zisizokunjwa hazipandi treni za mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, baada ya moto wa betri uliotokea stesheni.

Ujumbe wa nne, kutoka Leicester

Marahaba mdogo wangu wa Derby, na shikamoo Mzee wetu wa Bristol.

Tumerudi jana kutoka Brampton Valley Way. Hatukufika Northampton; tuligeuza baada ya handaki la pili, kwa sababu mume wangu aliona betri yake imebaki vijiti vitatu kati ya vitano, na hakutaka kuamini hesabu ya mtu mwingine. Hakuna gari lililotupita njia nzima isipokuwa pale tulipokatiza barabara, na huko kuna alama za kutosha. Magoti yamenyamaza.

Ndani ya handaki la kwanza taa yangu ilionyesha tairi la mbele tu na si ardhi, maji yakitudondokea kutoka juu, na kwa kuwa kulikuwa na familia yenye watoto ikitembea upande wa pili tulishuka tukakokota huku nikipiga kengele. Naomba sasa mwenye taa nzuri anitajie ina lumeni ngapi, yaani ukali wa mwanga wake, na kama inachajiwa kwa waya uleule wa simu, kwani Jumamosi ijayo tunakwenda Rutland, lakini Brampton tutairudia kabla ya mwezi kwisha, na safari hiyo nataka nione ukuta.