Miaka yote alinicheka kwa bwanga langu, leo ananipongeza eti nimeanza kwenda na wakati!

Mzee wa Pasi:

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, sijavua hata viatu. Salamu mtanisamehe, leo sina.

Yule jamaa amenifanyia kitu. Mnamjua. Kila kamati ya harusi kuanzia Tabata mpaka Kimara yumo, ahadi yake hailipi mpaka maharusi wapate mtoto wa pili, lakini maiki haimpiti. Simtaji jina, maana akitajwa tu ataona ni sifa.

Sasa sikilizeni. Mimi navaa suruali pana. Bwanga. Mguu mpana, kiuno kimekaa mahali pa kiuno, pindo limegeuzwa nje, mstari wa pasi unakata vitunguu. Navaa hivyo tangu chuo na sijawahi kubadilisha. Nina mapaja, napenda kukaa huku napumua, basi. Watu wananitambua kwa suruali kabla hawajaiona sura.

Miaka ya modo, zile suruali za kubana, nilipata tabu, nyie acheni. Mnakumbuka ilivyoingia? Mji mzima ulibanwa. Watu walipeleka kwa fundi hadi suruali za sare za kazini zikapunguzwe. Na huyu jamaa ndiye alikuwa mwenyekiti wao. Alikuwa na modo ambayo kuivua kulihitaji mafuta ya kupikia na watu wawili. Kuna msiba mmoja Kinondoni alishindwa kuchuchumaa kaburini, akautupa udongo akiwa wima, nusu ukaishia kwenye kanzu ya shehe.

Huyo huyo ndiye aliyenibatiza Parachuti. Kwenye grupu la kamati akatengeneza stika, mimi naelea juu ya Daraja la Kigamboni nimeishikilia suruali yangu mwenyewe. Stika ile imefika hadi kwa wakwe zangu Moshi. Shemeji yangu mdogo mpaka leo akisikia nimefika anaangalia juu.

Nikavumilia. Sikupunguza hata inchi.

Fasheni ikageuka. Modo zikafa kimyakimya, hakuna aliyezitangazia msiba. Sasa hivi wasanii mabwanga, bodaboda mabwanga, hadi makonda mabwanga. Nikasema moyoni, haya, angalau nitapumzika.

Leo naingia kikaoni na ile suruali yangu ya kijivu ya tetroni. Jamaa yuko mbele, maiki mkononi, miguuni kavaa bwanga ambalo bado linanuka duka. Ananiona. Anakatisha ajenda ya vinywaji. Anasema kwenye MAIKI: "Jamani, tumpigie makofi, hatimaye na huyu ameanza kwenda na wakati!"

Wakapiga makofi.

WAKAPIGA MAKOFI, wakuu. Watu ambao ile stika wanayo kwenye simu zao. Kisha akashuka, akanijia, akanishika suruali pajani kwa vidole viwili kama mama anayechagua kitambaa cha pazia Kariakoo, akasema: "Si mbaya kwa kuanzia. Wiki ijayo nikupeleke kwa fundi wangu, yuko Tandika, mzee mmoja hivi, ndiye anayezijua hizi."

Mzee mmoja hivi! Huyo ni fundi WANGU! Mimi ndiye niliyempeleka huyu jamaa kwake kipindi anatafuta wa kumshonea kanzu ya Idd. Mzee yule ameanza kunipima sijaota kitambi, vipimo vyangu viko ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Leo naahidiwa kupelekwa kwake kwa hisani, na mbele ya watu.

Nikataka kujibu, sauti ikagoma. Mweka hazina akaniinamia, "Hii umeinunua wapi?" Suruali ile imeizidi umri ndoa yake.

Angenicheka ningekaa, kuchekwa nimezoea. Lakini kanipongeza! Na makofi juu! Halafu mwakani mabwanga yakipita, mimi nikiendelea kuvaa, atasema nimeganda kwenye fasheni aliyonifundisha YEYE.

Ushauri sitaki. Nimekuja kutapika nyongo.

Chachandu:

Uzi bila picha ni uvumi. Weka suruali tuione.

Pweza Mkavu:

Nimesoma yote. Kwa hiyo umepigiwa makofi na umenuna. Mimi kikao cha mwisho nilisomewa deni la ahadi mbele ya mama mkwe. Tubadilishane mkuu.

Mzee wa Pasi:

Pweza, hujaelewa. Alinishika SURUALI. Kwa vidole viwili. Na maiki ilikuwa bado imewaka, ukumbi mzima umesikia "si mbaya kwa kuanzia".

Sukari Guru:

Hii chai. Na haina hata tangawizi.

Binti wa Mbezi:

Pole mleta mada, ila wanaume mnalia na suruali, sisi tuseme nini na sare? Mimi ni mtu wa gauni refu, kola, mikono mirefu, nimeridhika nalo. Sasa kila harusi kamati inachagua rangi ya msimu. Mara kijani cha jeshi, mara maziwa ya kahawa, mara rangi ambayo hata wao hawaijui wanaiita "nude". Kitambaa unakinunua kwao tu, bei yao, ukikikuta Kariakoo kwa nusu yake wanakwambia hicho "hakifanani kwenye picha". Nilishona langu na kola nikaambiwa nimeharibu mpangilio, mabega yanatakiwa yaonekane. Mabega yangu? Waliyachangia? Nina sanduku zima la nguo za kuvaliwa mara moja.

Mama Kayai:

Binti wa Mbezi umeongea. Na ukikataa sare unawekwa meza ya nyuma na mafundi umeme.

Robota Karume:

Nauza mtumba pale Karume, niwape siri. Mnaobishana habari za fasheni, fasheni inakuja imefungwa ndani ya robota. Kipindi cha modo tukifungua robota la jinsi, zile pana zilikuwa zinabaki chini, tunauza fungu kwa mafundi wakashonee vipochi. Sasa hivi za kubana ndiyo zimelala, zile pana zinaondoka kabla sijanywa chai. Na vijana wengi wanachukua za kike bila kujua, mradi mguu uwe mpana. Mleta mada, siku ukikaa na huyo jamaa wako tazama bwanga lake vifungo vinafungia upande gani. Usiseme kitu. Tazama tu.

Mzee wa Pasi:

Robota Mungu akuzidishie wateja. Kikao ni Jumapili. Nitakaa kiti cha mbele.

Chachandu:

Kwa hiyo sasa utakuwa unamtazama mwanaume mwenzio vifungo vya suruali kikaoni? Haya. Tutaonana uzi wa Jumatatu.

Babu wa Ilala:

Wajukuu, mnanichekesha. Huyo kijana wa modo angekuwepo enzi zetu angelala ndani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walipitisha Operesheni Vijana, ikaanza rasmi Januari 1, 1969. Sketi fupi marufuku, wigi marufuku, krimu za kujichubua marufuku, na suruali za kubana marufuku. Vijana wa chama wanakusimamisha barabarani wanakukagua. Haikupita miaka mingi zikaingia pekosi na bugaluu, mguu unafagia lami, na chini kiatu cha raizoni, unaongezeka urefu nusu futi. Kina baba wakasema dunia imekwisha. Suruali ya mleta mada mimi nilishaivaa, nikaiacha, na picha ninayo.

Sukari Guru:

Babu weka picha basi, maana mleta mada ameshindwa.

Mwana Thika:

Jameni, nyinyi mnalia makofi? Huku kwetu Novemba 2023 Spika Wetang'ula alipiga marufuku Kaunda suti bungeni. Kaunda suti! Na Rais Ruto mwenyewe ndiye alikuwa amezirudisha, kila siku yumo ndani ya moja, mafundi wamepata kazi Nairobi nzima. Mimi nazivaa tangu marehemu mjomba aniachie mbili, kabla ya Ruto kuzipenda. Zilipopendwa nikaambiwa najipendekeza kwa serikali. Zilipokatazwa nikaambiwa mimi ni mpinzani. Na ni zile zile mbili!

Mzee wa Pasi:

Mwana Thika, wewe ndiye ndugu yangu. Watu wengine humu wanajaza nafasi tu.

Pweza Mkavu:

Kaunda mwenyewe angeambiwa bungeni Nairobi hapaingiliki.

Shungi la Ng'ambo:

Hamieni Unguja. Huku kanzu na kofia, hakuna msimu, hakuna modo, hakuna bwanga. Mtu anazaliwa, anavaa kanzu, anazikwa.

Kishada:

Shungi unadanganya watu wa bara mchana kweupe. Kanzu hazina msimu? Nenda Darajani wiki ya mwisho ya Ramadhani uone vijana wanavyogombana. Huyu anataka ya Oman, haina kola, ina kishada shingoni. Huyu anataka ya Saudia, ina kola imesimama. Mwingine anataka yenye mifuko ya suruali! Mimi nimeshikilia yangu ya Kiomani, mwanangu ananiambia "baba, hiyo ya wazee".

Shungi la Ng'ambo:

Kola si kanzu. Kola ni shati refu.

Kishada:

Ndiyo hayohayo nilimwambia. Hakunisemesha mpaka Idd Mosi.

Binti wa Mbezi:

Mnaongelea Idd, mnanikumbusha majeraha. Idd iliyopita fundi alikaa na kitambaa changu Ramadhani nzima. "Njoo kesho dada yangu." Nakwenda, "nimebakiza vifungo tu." Usiku wa kuamkia Idd nakuta kitambaa hakijakatwa, kimefungiwa chapati.

Mama Kayai:

Fundi wangu mimi, gauni langu alilivaa mkewe. Nilimkuta nalo kwenye daladala, limemkaa vizuri kuliko litakavyonikaa mimi.

Fundi wa Mwembeni:

Nimekuwa msomaji tu humu ila hapa nimeguswa. Mnatutukana mafundi, mateso yetu hamyajui. Miaka ile mlituletea suruali nzuri, kitambaa cha maana, mnasema "fundi, punguza". Nikikwambia tubakize upindo ndani, unasema kata yote, unavimba. Nikakata. Sasa mnarudi na suruali zilezile, "fundi, ziachie". Niziachie nini? Kupunguza ni mkasi, kuongeza nitoe wapi kitambaa, nikate pazia la mama mwenye nyumba? Wiki hii kuna mteja kaniletea modo sita anataka mabwanga sita. Nimempa kiti, nimempa maji, nimemwambia aongee na wazee wenzangu.

Sukari Guru:

😂😂😂 modo sita

Mzee wa Pasi:

Fundi, huyo mteja anapenda kushika maiki? Ana sauti ya mkwaruzo? Nijibu haraka.

Fundi wa Mwembeni:

Mkuu siri za wateja sisemi. Ila kalipia advansi kwa maneno.

Mzee wa Pasi:

NI YEYE.

Chachandu:

Fundi, na wewe ukiambiwa Jumamosi unatoa Jumamosi?

Fundi wa Mwembeni:

Umeme ukiwepo.

Binti wa Mbezi:

Mnaona? Mnaona?

Mama Kayai:

Umeme gani, cherehani yenyewe ya kukanyaga.

Mzee wa Pasi:

Wakuu naomba tusitoke nje ya mada. Nilikuwa nasema, alipokatisha ajenda ya vinywaji, hakuna hata mmoja aliyesimama kusema huyu anavaa hivi tangu

Robota Karume:

Tumeelewa mkuu, alikushika suruali. Hivi yule fundi wako wa Tandika anashona na za kike?

Binti wa Mbezi:

Nami nilitaka kuuliza hilohilo. Kama ana vipimo kwenye daftari huyo ni mtu makini. Ananishonea na kola?

Mama Kayai:

Nami nina kitenge cha doti mbili kimelala. Mleta mada tuelekeze alipo.

Mzee wa Pasi:

Sielekezi mtu. Nilishaelekeza mmoja, mmeona kilichonikuta.

Pweza Mkavu:

Ni yule wa karibu na stendi, mwenye miwani imefungwa uzi? Mbona anajulikana, kamshonea hadi baba mkwe wangu. Njooni PM niwape namba.

Mama Kayai:

Nimeshampigia. Mstaarabu sana. Anasema nipeleke kitambaa, Jumatatu nachukua.

Fundi wa Mwembeni:

Alisema Jumatatu ya lini?