Mrejesho: kipimo cha koenzaimu Q10 cha Mzee, Malindi

Asalaam aleikum wadau. Niliuliza kama kupima koenzaimu Q10 (kitu cha mwilini kinachosaidia seli, zikiwemo za misuli, kutengeneza nishati) katika plazma, yaani majimaji ya damu, kungeeleza maumivu ya misuli aliyopata baba tangu aanze statini, dawa za kushusha kolesteroli. Shukrani kwa mliojibu.

Damu ilitolewa hapa Malindi, ikazungushwa kwenye mashine, plazma ikagandishwa, kichupa kikafungwa foili kuzuia mwanga, kikapelekwa maabara ya mbali kupitia Mombasa. Kwa joto hili la Kaskazi, safari ile ndiyo iliyoniweka roho juu. Jibu: kiwango kiko chini.

Nikadhani mchawi kapatikana. Daktari akasema koenzaimu hii husafiri ndani ya chembe zilezile zinazobeba kolesteroli, hasa LDL. Statini ikishusha LDL, nayo hushuka, hivyo namba igawanywe kwanza kwa kolesteroli. Ilipogawanywa, ya baba ikawa ya kawaida! Tena plazma haionyeshi kilichomo ndani ya misuli yenyewe.

Akapima CK, kimeng'enya kinachovuja misuli ikiumia, iko sawa. Kambadilishia aina ya statini, na miguu imepata nafuu. Vidonge vya Q10 sijanunua. Bei ile ni samaki changu wa wiki nzima.