Naomba ushauri: mirathi ya Roger de Quincy imenishinda kupanga

Msimulizi Mgeni
Wakuu, habari zenu. Naandaa vipindi vitatu vya sauti kuhusu makabaila waliomiliki ardhi Uingereza na Uskoti kwa wakati mmoja. Nimemchukua Roger de Quincy, Erli (cheo cha kikabaila) wa Winchester na Konstebo (cheo kikubwa cha kijeshi) wa Uskoti, aliyefariki 1264. Nimemsimulia mwaka kwa mwaka, lakini mke wangu aliposikiliza dakika kumi tu akaniuliza, "Huyu Robert si ulisema ameshakufa?" Nimekwama. Nianzie wapi?

Bibi Nasaba
Pole mwanangu. Shemeji hajakosea, Robert ni wawili: ndugu zake Roger wa tumbo moja, wote Robert! Mmoja alikufa 1217, mwingine 1257. Na akina Helen ndio usiseme. Mke wa Roger ni Helen, binti yake Helen, na mke wa yule Robert mdogo ni Helen, binti wa Llywelyn wa Wales. Usimtaje mtu kwa jina tupu, mpe na kwao: mke wa Roger ni Helen wa Galloway, kule Uskoti; binti yake ni Helen mke wa Zouche. Msikilizaji hana mti wa ukoo mkononi.

Kalamu ya Zamani
Achana na mwaka kwa mwaka, fuata ardhi. Utagundua sehemu kubwa ya mali ya Roger ilimfikia kwa mkono wa wanawake. Leuchars, kule Fife, Uskoti, ilitoka kwa bibi yake, Orabilis. Mama yake Margaret aliingia na nusu ya mali ya uerli wa Leicester, maana kaka yake aliyekuwa erli alikufa 1204 bila mtoto, akagawana na dada yake Amicia. Ndipo mumewe Saer akapewa uerli wa Winchester mwaka 1207. Ukonstebo na fungu la Galloway vilikuja na mke wa Roger, yule Helen wa Galloway.

Halafu Roger mwenyewe akaoa mara tatu asipate mtoto wa kiume. Uerli ukazimika, mashamba wakagawana mabinti watatu. Margaret, aliyeolewa na Ferrers, Erli wa Derby, akapata Groby. Elizabeth aliolewa na Alexander Comyn, Erli wa Buchan, kwa hiyo Mskoti yule akajikuta na Whitwick katikati ya Uingereza. Wa tatu ni Helen wa Zouche.

Msimulizi Mgeni
Nashukuru mkuu. Ila baba mkwe wake, Alan wa Galloway, si alikuwa na mtoto wa kiume?

Mpenda Ubishi
Alikuwa naye, Thomas, lakini wa nje ya ndoa. Hapo ndipo penye utamu wote, na nashangaa wakubwa mmepapita. Alan alipofariki 1234, sheria ikawapa mabinti watatu: Helen, Christiana na Dervorguilla, huyu wa mwisho mke wa John Balliol. Watu wa Galloway hawakutaka nchi yao ikatwe vipande wapewe wakwe wa mbali. Walimwomba Mfalme Alexander II aichukue mwenyewe, akakataa. Wakainuka na Thomas wao, wakashindwa mwaka 1235. Thomas akafungwa Barnard Castle, ngome ya Balliol, ya shemeji yake kabisa! Alitoka 1296, mzee.

Na kinyongo hakikuisha. Mwaka 1247 walimzingira Roger ngomeni. Mtawa Matthew Paris, aliyeishi zama hizo, anasema alipanda farasi akajikatia njia katikati yao, akakimbilia kwa mfalme.

Kalamu ya Zamani
Sipingi, Thomas ana haki ya kipindi kizima. Lakini usimalizie hapo. Ilikuwa rahisi kuwa na mabwana wawili, kumtii mfalme huyu kwa shamba hili na yule kwa shamba lile, maadamu wafalme wanapatana. Vita vya Uingereza na Uskoti vilipoanza 1296 ikabidi kuchagua. Novemba 1314, pale Cambuskenneth, Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, alitangaza kwamba asiyerudi kwenye utii wake hana chake Uskoti. Tranent, shamba la akina Quincy lenye makaa ya mawe, likawatoka warithi wa Ferrers na Zouche likaenda kwa kabaila mwingine, Seton.

Bibi Nasaba
Makaa hayo usiyaache! Saer ndiye aliyewaruhusu watawa wa Newbattle kuyachimba, mwanzoni mwa karne ya 13.

Msimulizi Mgeni
Basi nafuta yote. Cha kwanza Orabilis na wanawake wenzake, cha pili Thomas, cha tatu mgawanyo hadi 1314. Bibi, Orabilis mnamtamka vipi? Mke wangu ameshaanza kucheka.