Naomba ushauri: kipimo cha mafuta ya langilangi katika shea ya kupaka usoni

MamaBombo: Ndugu zangu, habari za leo. Ninatengeneza mafuta ya ngozi nyumbani, hapa Bombo, kwa shea (mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea) inayotoka Lira, kaskazini mwa Uganda, na ninataka kuitia mafuta ya maua ya mlangilangi ili inukie vizuri na ifae uso wenye chunusi. Naomba anayefahamu anieleze kipimo, kwa kuwa kila ninayemuuliza ana jibu lake.

MwanaGulu: Dada, shea yetu ya kaskazini ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, na huyeyuka upesi kiganjani. Marehemu bibi yangu alitupaka hiyo tu, utosini hadi vidoleni, wala hatukujua upele. Siku hizi kisichonukia hudhaniwa hakifanyi kazi.

MpembaKampala: Kwetu langilangi huchumwa alfajiri, kabla jua halijapunguza harufu, na wanawake huifunga katika kikuba pamoja na asumini na rehani. Wakomoro huyakeneka maua hayo kwa mvuke kwa saa nyingi, na mafuta yanayotangulia kutoka ndiyo yenye daraja la juu. Kipimo sikijui, lakini harusi ya dada yangu ilinukia hivyo hadi uani.

FundiSabuni: Turudi kwenye swali. Langilangi inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi, na mzio huo ukishamwingia mtu huweza kumkaa maisha yote; kwa sababu hiyo wataalamu hupendekeza isizidi asilimia 0.8 katika kitu kinachopakwa na kuachwa ngozini bila kuoshwa. Kwa gramu 100 za shea ni takriban matone 16, na kwa uso wenye chunusi mimi ningetia nusu yake, shea ikiwa imepoa lakini haijaganda. Kisha pakaa kidogo upande wa ndani wa mkono na usubiri siku mbili. Je, dada, unauliza kabla ya kuchanganya au baada?

MamaBombo: Nimekwisha kuchanganya. Nilimimina chupa nzima ya mililita 10 katika nusu kilo, na mikebe imejaa. Mdogo wangu, aliyejifungua mwezi uliopita, alichukua mkebe mmoja akampaka mtoto, na sasa mashavu yamekuwa mekundu yenye vipele vidogo kama chembe za ulezi. Lakini haya ni mafuta ya maua, si dawa za kujichubua, na joto la wiki hii limewasumbua watoto wengi.

HajiArua: Mama, hata upupu ni mmea. Mwenyezi Mungu ametupa akili ili tuulize kabla ya kumpaka mtoto.

MchunguziJinja: Naona kisa hiki kimetungwa. Kimeanza na chunusi za mtu mzima, kikaingia mtoto mchanga, na kesho tutaelekezwa duka lenye mafuta "salama". Kama ni kweli, tueleze chupa imeandikwa nini.

MamaBombo: Sina duka la kumwelekeza mtu. Chupa ni ya kioo kisicho na rangi, na karatasi yake imeandikwa "mafuta safi ya maua" tu, bila jina la mmea, nchi wala tarehe. Asubuhi nilidondosha tone lililobaki kwenye karatasi nyeupe; harufu imefifia, lakini doa lingali linang'aa.

FundiSabuni: Doa hilo lina maana. Mafuta ya maua yaliyo safi huruka hewani na huacha alama hafifu au yasiache kabisa, kwa hiyo huenda yametiwa mafuta ya kupikia au kitu kingine tusichokijua. Yangekuwa safi, mchanganyiko wako ungekuwa na karibu asilimia 2, na ningekuambia uongeze robo tatu ya kilo ya shea; sasa hesabu hiyo haina msingi. Mtoto wa mwezi mmoja hapakwi mafuta ya namna hii kwa kipimo chochote. Mwosheni kwa maji ya vuguvugu, msimpake kingine, na mpelekeni kituo cha afya leo pamoja na mkebe na chupa.

MchunguziJinja: Kama mtoto yupo kweli, basi nimekosea, naye aende sasa hivi.

MamaBombo: Mdogo wangu yuko njiani naye. Hata hivyo, shea ni ghali. Je, mikebe iliyobaki siwezi kuwauzia watu wazima, kwa mikono na miguu tu?

FundiSabuni: Hapana, dada. Usimuuzie yeyote.